Luapula ya Kasenga kiangazi hiki: maji, baridi, manda, na makobo niliyemrudisha mtoni

Fimbo ya Katuba

Salamu kwenu wote, wavuvi wa fimbo ya ndoano na wa nyavu. Nimerudi jana usiku kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula unaotutenga na Zambia, vumbi jekundu la ile barabara bado liko mifukoni. Nilikaa mtoni siku nne. Nitaandika kirefu, maana wengi mliniuliza yaleyale: maji yakoje, samaki wamesimama wapi, na kama ni kweli kwamba kiangazi hawali.

Hii ni safari yangu ya tatu mwaka huu, na kila mara nimeukuta mto mwingine. Mwezi wa sita nilikwenda nikidhani maji yameshuka, kwa sababu huku Lubumbashi mvua ilikuwa imekatika tangu mwezi wa nne. Nikakuta Luapula imejaa mpaka ndani ya matete. Sababu iko mbali, juu kabisa, Zambia: maji yanapita kwanza ziwa Bangweulu na vinamasi vyake, na vinamasi vile ni kama blanketi zito lililoloa. Unalitundika kambani asubuhi, jioni bado linadondosha. Mvua ikishakatika huko juu, Kasenga bado wanaipokea. Siku mbili nilitupa ndoano kwenye maji mapana yasiyo na ukingo, nikarudi na samaki wawili wa aina ya pale, ndugu wa perege, wa kukaangia watoto.

Mwezi wa saba maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma, lakini baridi! Nilifanya alivyonifundisha baba, nikaamka kabla ya jua. Ukungu umelala juu ya mto, vidole vinauma, chambo hakiguswi. Mzee anayenipigia kasia alikunywa chai yake taratibu, akaniambia: "Samaki naye anangoja jua." Tukarudi kwenye moto. Tulipoanza upya karibu na adhuhuri, manda wawili, wale samaki wa meno makali, walikuja ndani ya nusu saa. Tangu hapo, miezi ya baridi siamki alfajiri tena. Jua likiwa limepasha maji ya juu, hasa kule yanakopita polepole karibu na mawe, ndipo natupa. Na ninaacha kijiko, chambo changu cha chuma, kizame, nakivuta polepole kuliko ninavyovuta wakati wa joto.

Sasa, wiki hii ya kwanza ya mwezi wa tisa, mto umekaa. Kingo ziko nje, michanga imeanza kutoka, na maji ni safi kiasi kwamba unaona ubapa wa kasia mpaka ncha. Upepo wa mwezi wa nane umetulia. Moshi wa mioto ya porini ndio unaosumbua macho jioni.

Na utamu wenyewe uko hapa. Maji yakijaa, samaki hutawanyika kwenye mbuga yote iliyofurika, utamtafuta wapi? Yakishuka, wadogo wanalazimika kutoka kwenye vijito na vidimbwi, wanarudi mto mkubwa. Kila mlango wa kijito una manda anayesubiri. Usihangaike na mto mzima. Tafuta mahali maji membamba yanapomwagikia maji mapana, simama upande wa chini, tupa kuelekea juu, acha mkondo ulete chambo kama unavyoleta kisamaki kilichochoka. Mahali pengine pazuri ni kwenye mawe chini ya maporomoko ya Mambilima, maji yanapopumua. Lakini huko nenda na mtu wa huko, usijaribu na mtumbwi wa kukodi na ujasiri wa mjini.

Hesabu yangu ya siku nne: manda kumi na mmoja waliuma, wanne tu ndio walioingia mtumbwini. Mkubwa alikuwa kilo tatu na nusu kwa mzani wa mkono. Wasiomjua: manda ana mdomo mgumu kama mfupa mtupu, ndoano haipati pa kuingia, halafu anaruka juu ya maji na kutikisa kichwa mpaka chuma kinatoka. Waya kati ya ndoano na mshipi ni lazima, bila huo meno yale yanakata kama mkasi. Makobo tisa, hawa ni wa jamii moja na pale, wote kandokando ya mafunjo. Pale kadhaa kwa minyoo. Na kambale mmoja wa usiku, aliyetutosha kwa supu ya watu watano.

Sasa naomba mnisikilize kuhusu makobo mmoja.

Siku ya tatu, mchana, kwenye ghuba ndogo yenye majani chini, alikuja kwa nguvu sana. Hakuja kama anayekula, alikuja kama anayefukuza. Nilimtoa, jike mkubwa, nikamshika juu ya beseni la maji nimwondoe ndoano. Akafungua mdomo. Vitoto vikamwagika humo ndani, vingi, kila kimoja kama punje ya mtama yenye macho. Alikuwa amewabeba mdomoni. Nilijua toka zamani kwamba makobo na pale hulea hivyo, mama anakaa na mayai na watoto mdomoni bila kula vizuri, lakini sikuwahi kuona kwa macho. Mikono ilinitetemeka. Nilimrudisha palepale, nikainamisha beseni karibu na majani, polepole, mpaka kitoto cha mwisho kikaenda.

Mzee wa kasia hakusema kitu. Nilijua anahesabu chakula cha jioni.

Naleta hapa kwa sababu mwezi wa tisa na wa kumi, maji yakipata joto, ndio wanaanza. Na ndio hasa wakati sisi wa mjini tunapofurika kule. Tufanye nini?

Kijana wa Bel-Air

Yaya, kaka yangu, asante kwa habari ndefu. Mimi ni mpya, ndio nimenunua fimbo na mulineti ya kuviringia mshipi. Ndoto yangu ni mbenga, wale wakubwa wa kwenye video, wa kubebwa na watu wawili. Nikija Kasenga mwezi wa kumi nitampata? Na ninunue mshipi wa nguvu gani?

Fimbo ya Katuba

Mdogo wangu, Luapula haina mbenga. Manda wetu ni ndugu yake mdogo, sura na meno ni vilevile, ila akifika kilo tano watu wataita majirani. Mbenga ni wa Lualaba, kuanzia Upemba kwenda chini mpaka mto Kongo wenyewe, na yuko ziwa Tanganyika pia. Kwa mshipi, usiende mnene sana, maji ni safi na utakosa hisia mkononi. La muhimu ni waya na ndoano kali. Noa ndoano kila asubuhi kwa jiwe. Nimepoteza manda wengi kwa uvivu huo mmoja kuliko kwa kitu kingine chochote.

Pweto Moja

Nongeze kwa kijana. Maji ya Luapula yanaingia ziwa Mweru, yanatoka hapa kwetu Pweto kwa jina la Luvua, halafu yanaungana na Lualaba pale Ankoro. Kwenye ramani utadhani samaki wanapita tu kama treni. Lakini Luvua inashuka kwa maporomoko mengi, ndiyo maana hata bwawa la umeme la Piana Mwanga lilijengwa huko. Wa chini hapandi. Mto mmoja, samaki mbalimbali.

Mama wa Makobo

Mwanangu wa Katuba, nimesoma yote. Mimi nauza samaki soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wabichi na wa kukaushwa, na nimelea watoto saba kwa beseni hilo. Nitasema na wewe kama mama.

Makobo mkubwa wa namna hiyo ni sahani ya bukari, ugali wetu, kwa watu sita. Wewe ulienda na chakula chako kwenye gari. Mzee aliyekupigia kasia alikwenda na nini? Ukimrudisha samaki mbele ya mtu mwenye njaa, hata kama una haki, umemwumiza. Ulimlipa nini kwa ajili ya yule makobo?

Na bado nakuelewa. Nilipoanza, makobo aliyeletwa kutoka Kasenga alikuwa anatoka kwenye vidole vyangu mpaka kwenye kiwiko. Leo napokea wa kiganja, na wa kiganja ndio wanagombaniwa. Wateja wamekimbilia thomson wa kwenye katoni, samaki wa bahari, ametoka Namibia akiwa barafu, kwa sababu ni rahisi kuliko samaki wa mto ulio karibu nasi. Hilo linaniuma kila asubuhi nikifungua katoni.

Fimbo ya Katuba

Mama, umenipiga pahali pake. Sikumlipa. Nilimpa posho yake ya siku kama kawaida, na kwa samaki yule sikuongeza kitu. Nitakapofika nitamwona na nitalitengeneza.

Ndoano Tatu

Mimi nitasema wazi. Kurudisha samaki ni mambo ya wenye nacho. Yule makobo wako kesho yake ameingia kwenye wavu wa mtu mwingine, pamoja na wale watoto, maana kuna watu wanakokota vyandarua vya mbu pale kando. Umepoteza chakula bure. Mto haukuoni.

Mwana Luapula

Ndoano Tatu, mimi ndiye huyo mwenye wavu. Nimezaliwa Kasenga, baba mvuvi, babu mvuvi, nami nina mtumbwi na nyavu sita. Ni kweli, ningeweza kumkamata kesho yake. Lakini ngoja nikuambie habari ya mpumbu, halafu utaniambia kama mto hauoni.

Babu alikuwa kijana wakati Kasenga ilikuwa mji wa samaki. Wagiriki walikuwa na boti za kwenda Mweru na barafu ya kuhifadhia, malori yakibeba samaki kwenda Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha watu wa migodi. Samaki mwenyewe alikuwa mpumbu. Mvua za kwanza zikija na mto ukianza kupanda, mpumbu walitoka ziwani na huko chini, wakapanda Luapula kwenda kutaga. Msafara huo wazee waliuita kapata. Babu alisema ulisikia kwanza sauti, halafu ukaona maji yenyewe yanatembea. Mikono ya watoto ilitosha kukamata.

Watu wakafanya hesabu ya haraka. Samaki wote wanapita mahali pamoja, wote wana mayai tumboni, basi tandika nyavu hapo. Wakatandika, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule. Mayai yenyewe yalikuwa na soko. Mwaka wa kwanza matajiri, mwaka wa pili matajiri. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 kapata ilikuwa imekufa. Babu alibaki na nyavu za mpumbu ndani ya nyumba mpaka panya wakazila. Mimi nina miaka arobaini na mbili, na mpumbu niliowashika maisha yangu yote naweza kukuhesabia hapa kabla hujamaliza chai.

Hakuna ndoano ya mtu wa Katuba iliyofanya vile. Ni kuziba njia. Na leo nikitembea mwezi wa tisa nakuta milango ya vijito imezibwa kwa nyavu za macho madogo, vilevile alivyoona babu. Kwa hiyo Fimbo, samaki wako mmoja ni kitu kizuri, nakushukuru. Ila usidhani ndiye atakayeokoa mto. Mlango wa kijito ndio mto.

Ndoano Tatu

Ndugu, nimekusikia. Habari ya mpumbu sikuwa naijua. Nilikuwa nawaona mezani kwa bibi, wale wa kukaushwa, nikidhani waliisha kwa sababu ya vita tu.

Ng'ambo ya Pili

Salamu kutoka Nchelenge, upande wa Zambia. Kiswahili changu ni cha sokoni, mnivumilie. Sisi huku uvuvi unafungwa kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wakitaga. Najua na upande wenu hutangazwa kufungwa msimu wa mvua. Shida ni kwamba mto ni mmoja. Upande mmoja ukilala na mwingine uko macho, anayelala anajiona mjinga. Baba zetu walioana kuvuka mto huu, tunazika pamoja, lakini nyavu zetu hazizungumzi.

Na kwa watu wa fimbo: katikati ya mto ni mpaka. Msifuate manda mpaka ukingo wetu halafu mseme mkondo uliwabeba.

Papa wa Likasi

Wanangu, kwa wale wasio na petroli ya kufika Kasenga. Wengi wenu mnaishia Kapolowe, ziwa Tshangalele. Nalijua ziwa hilo tangu utoto. Lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye Lufira, lililomalizika 1930, kampuni ya migodi ya Union Minière ikitafuta umeme wa viwanda vyake. Kwa kukaa na watoto siku ya Jumapili ni pazuri, ndege ni wengi, na kiangazi maji yakipungua pale wanakusanyika kwenye mikondo ya zamani ya mto. Anayejua mikondo hiyo ilipo hakosi.

Lakini niseme na lingine, kwa sababu nina wajukuu. Mto Panda unatoka kwetu Likasi, unapita kwenye viwanda vya shaba na kobalti, unaingia Lufira, na Lufira inaingia ziwani. Wataalamu wamepima samaki wa ziwa hilo wakakuta madini mengi mwilini mwao, kobalti mbele kabisa. Mimi nimeacha kuwapa watoto wadogo samaki wa huko kila siku. Fimbo naipeleka bado. Samaki ninayemla namtafuta Luapula.

Mama wa Makobo

Papa, hilo uliseme sokoni kwa sauti, sio humu tu. Wateja huniuliza "huyu ni wa wapi?" na wenzangu wote hujibu "Kasenga", hata kama ametoka Kapolowe asubuhi hiyohiyo. Mimi nimeanza kutenga mabeseni mawili. Wa Kasenga bei yake, wa Kapolowe bei yake. Nimepoteza wateja wachache, waliobaki wananiamini.

Kijana wa Bel-Air

Swali la mwisho: naweza kuingia majini kiunoni nikitupa? Kwenye video wanafanya.

Mwana Luapula

Hapana. Tena hapana. Maji kupungua ndiko kunakoleta mamba karibu, kwa sababu naye anafuata samaki kwenye milango ileile anayoisifu Fimbo. Kiboko jioni anatoka kula majani, usisimame kati yake na mto. Na kwenye maji yaliyosimama kuna kichocho. Kaa mtumbwini, au simama ukingo mkavu ulio juu, na uulize wanawake wanaochota maji wamemwona mamba wapi mara ya mwisho. Wao ndio wanaojua kuliko sisi wavuvi.

Fimbo ya Katuba

Nimesoma yote mara mbili. Nikiri kitu ambacho Mwana Luapula amenionyesha bila kunitaja: mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha kusimama kwenye milango ya vijito. Kwa manda bado nitasimama pale, mmoja mmoja kwa ndoano haiwezi kuziba kitu. Ila kwenye ghuba zenye majani, nyumbani kwa makobo, sitatupa tena kuanzia sasa mpaka mvua zipite. Manda wa kwenye mkondo wananitosha. Anayetaka kuja nami mwezi wa kumi aje kwa masharti hayo, na achangie posho ya mzee wa kasia, ambayo tumeipandisha.

Fimbo ya Katuba

Nafungua tena uzi, ni mwisho wa mwezi wa kumi. Tulikwenda watu watatu, Kijana wa Bel-Air akiwemo.

Maji yako chini kabisa sasa, yamepata joto mpaka usiku, na mawingu ya kwanza yalikuwa yanapiga radi upande wa Zambia bila kutoa mvua. Manda wamechangamka, wanauma asubuhi na mapema na tena jua likielekea kuzama, adhuhuri hakuna kitu, kinyume kabisa na mwezi wa saba. Wanataka kijiko kinachokwenda kasi, juujuu. Tulipata tisa. Kijana alipata wake wa kwanza, kilo mbili, akapiga kelele mpaka watoto wa kijiji wakatoka. Tuliwala wanne, kwa bukari na sombe, yaani kisamvu, watano tukawarudisha.

Mwana Luapula tulikutana naye bandarini, ana kwa ana. Alitupeleka kuona mlango wa kijito karibu na kambi yao. Nyavu zilikuwepo, ila walikuwa wameacha katikati pengo la upana wa mitumbwi miwili. Alisema wamekubaliana kambi tatu, ya nne bado inakataa, wanaendelea kuizungukia.

Na yule mzee. Nilimpa bahasha ya yule makobo wa mwezi wa tisa, akaipokea kwa mikono miwili, hakusema neno. Siku ya mwisho, tukirudi, aliinua wavu wake mdogo alioutega usiku karibu na mafunjo. Ndani kulikuwa na makobo wawili. Akamshika wa kwanza, akabonyeza taya kwa kidole gumba, akainamisha kichwa akachungulia mdomoni kama mtu anayechungulia ndani ya chungu. Mtupu. Akamtia kwenye kapu. Akamshika wa pili, akabonyeza, akachungulia kwa muda mrefu zaidi. Halafu akaegemea ukingo wa mtumbwi, akamshusha majini kwa mikono yote miwili, na akabaki ameinama hapo mpaka alipoondoka.